Musafaha: Mkono Bila ya Moyo

Ndugu zetu Waislamu, musafaha ni kupana mikono wakati wa kukutana, kiganja kwa kiganja, pamoja na salamu. Wengi wetu huliona ni jambo dogo. Lakini katika dini lina daraja yake na adabu zake.

Asili yake ni thabiti. Bukhari amepokea kwamba Qatada alimuuliza Anas bin Malik kama Masahaba walikuwa wakipana mikono, naye akajibu kuwa ndivyo. Na katika hadithi ya Al-Baraa bin Azib, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa Waislamu wawili wakikutana wakapana mikono, husamehewa kabla hawajaachana.

Ama adabu zake ni hizi:

Kwanza, salamu hutangulia, kisha mkono wa kuume, na uso umuelekee mwenye kuamkiwa. Si adabu kumpa mtu ncha za vidole na huku macho yako kwa mwingine.

Pili, mtu asiiname. Tirmidhi amepokea kwa Anas kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya kumuinamia ndugu, akakataza, akaulizwa juu ya kumshika mkono, akaruhusu.

Tatu, mkono haupimwi kwa mali. Karani amuinukiaye tajiri kwa mikono miwili, na mchukuzi akamtupia kichwa tu, huyo ameamkia mfuko wala hakumuamkia Mwislamu. Msemo wa "mkono mtupu haulambwi" usiwe ndio kanuni ya salamu zetu.

Nne, Bi Aisha amesimulia kuwa mkono wa Mtume (s.a.w.) haukugusa kamwe mkono wa mwanamke wa kando katika kuahidiana, alipokea ahadi zao kwa maneno. Basi ofisini au dukani, mwanamke asiye maharimu akinyoosha mkono, mwanamume aweke wake kifuani na amjibu kwa maneno mazuri, bila ya kumfedhehesha.

Limebaki suala tuulizwalo sana darasani: kupana mikono baada ya Swala. Imam Nawawi, naye ni katika wakubwa wa madhehebu yetu, amesema katika Al-Adhkar kuwa musafaha ni sunna kila watu wakutanapo. Ama kuihusisha na Alfajiri na Alasiri hakuna asili, lakini hakuna ubaya. Ibn Taymiyya ameihesabu kuwa ni bid'a. Sisi hatupendi watu wagombane msikitini kwa hilo.

Lililo zito kuliko hilo ni hili. Huonekana ndugu wawili wa tumbo moja, waliokatana kwa ajili ya nyumba ya urithi, wameangukia safu moja. Imamu akitoa salamu, hupana mikono kwa kuwa ndiyo ada. Wakifika mlangoni, kila mmoja hushika njia yake, na barazani hawasemi. Mkono uliowekwa kuondoa chuki umekuwa pazia la kuifunika! Na Bukhari na Muslim wamepokea kuwa si halali Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na aliye bora wao ni yule aanzaye salamu.

Basi leo baada ya Alasiri, kabla ya kumpa mkono aliye kuumeni kwako, kumbuka ni nani usiyesema naye. Mwendee nyumbani kwake, umtolee salamu, kisha umpe mkono. Hiyo ndiyo musafaha.

Wabillahi ttaufiq.