Padre Aitwe Mapema
Mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hii twaijua sote, walakini mgonjwa azidiwapo, twanong'ona uani, na mbele yake twasema, "Utapona tu." Naye aijua hali yake, lakini hunyamaza asituhuzunishe. Hivyo mtu hufa mpweke katikati ya jamaa zake.

Wengine hukataa padre asiitwe, wakidhani kuja kwake ni kutangaza kifo. Ni kweli, zamani Sakramenti hiyo iliitwa Mpako wa Mwisho. Lakini mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba yafaa zaidi kuiita Mpako wa Wagonjwa, wala si ya wale tu walio katika saa ya kufa. Mkristo aanzapo kuwa katika hatari kwa ugonjwa au uzee, wakati wake wa kuipokea umekwisha kufika. Akipona, kisha akaugua tena sana, aweza kupakwa tena.

Basi, twawasihi, wazazi na watoto: padre aitwe mgonjwa angali aweza kuungama na kupokea Komunyo. Nasi jamaa tumwulize kwa upole: Wataka kupatana na nani? Wadaiwa nini? Wataka kuzikwa wapi? Maswali haya hayamwui mtu. Yasipoulizwa sasa, ndugu watakuja kuyagombania matangani, na mjane, ambaye machozi yake hayajakauka, ataambiwa athibitishe maneno ambayo marehemu hakupewa nafasi ya kuyasema.