Somo la Kunguru wa Bara Hindi, Madhara Yake na Yatupasayo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Amma baad. Watu wa miji yetu ya pwani, tokea Malindi na Mombasa hata Dar es Salaam na Unguja, huuliza maswali mawili juu ya kunguru. La kwanza, je, yafaa kumwua? La pili, akiisha kuuawa, mbona hapungui? La kwanza wanavyuoni wamekwisha lijibu tangu zamani, nasi tutalitaja mahali pake. La pili ndilo zito, na jibu lake tutaliona kuwa limo katika majaa yetu.

Yatupasa kwanza tumjue huyu tunayemsema, kwani kunguru wa pwani ni wawili, na watu wengi wa leo huwachanganya. Kunguru wa asili ya nchi hii ni mkubwa, mweusi, na kifua chake na shingo yake vyeupe, mfano wa mtu aliyevaa kisibau cheupe juu ya vazi jeusi. Huyu ndiye aliyejulikana na wazee wetu, na bila shaka ndiye aliyefanyiwa methali ya kunguru mwoga akimbizaye bawa lake. Wa pili ni mdogo kuliko huyo, mwembamba, mwenye mng'ao mweusi usoni na mbawani, na shingo yake na kifua chake ni rangi ya majivu. Watu wa Mombasa humwita kurabu, neno lililotokana na ghurabu la Kiarabu. Wengine humwita kunguru wa Kihindi, au kunguru wa Unguja. Huyo wa kisibau cheupe ndiye mwenyeji, naye kwa sasa amekwisha tolewa katika miji mingi na huyo mgeni, hata kijana aliyezaliwa mjini aweza kufika makamo asimwone ila akitoka kwenda mashamba.

Asili ya kurabu ni Bara Hindi, na Sri Lanka, na nchi zilizo jirani nazo. Na katika tabia zake iko moja iliyo ufunguo wa khabari yake yote, nayo ni kuwa haishi pasipo wanadamu. Hapana pori wala kisiwa kitupu kinachojulikana kuwa na kunguru huyu peke yake, mbali na watu. Penye nyumba, na soko, na jaa, ndipo penye kwake. Watu wakihama, naye huhama. Basi mtu akitaka kujua mji fulani una kunguru wangapi, na atazame kwanza mji huo hutupa nini, na hukitupa wapi.

Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, na sababu ya kuletwa kwake ni kuondoa uchafu. Mji ulikuwa na taka nyingi, na wakubwa wa siku zile waliona kuwa ndege huyu, kwao Bara Hindi, hula mizoga na makombo ya njiani. Wakasema, na aje atufagilie. Mji mchafu ukatafutiwa ndege badala ya ufagio. Wala si Unguja peke yake. Katika miaka ile ile aliletwa Klang, katika nchi ya Malaya, kutoka Sri Lanka, ili ale viwavi waliokuwa wakiharibu mashamba ya kahawa. Mashamba hayo ya kahawa yamekwisha pita, na kunguru yungali huko hata leo.

Kufikia mwaka 1917, yaani chini ya miaka thelathini, watu wa Unguja walikuwa wamekwisha mwona kuwa ni msumbufu wa kuwindwa, si mfagizi wa kushukuriwa. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, na baadaye akaenea miji ya mrima na ya kaskazini. Vyombo vya baharini humbeba bila ya nauli wala idhini, kwani hutua juu ya meli iliyo bandarini, akala kwa mabaharia, akashuka bandari nyingine. Hata Uholanzi, nchi ya baridi kali, kunguru wawili walishuka Hoek van Holland mwaka 1994, wakazaa huko.

Sasa tuje kwenye madhara. Aliletwa ale uchafu, naye kweli huula. Lakini aliyemleta hakuzingatia ya kuwa ndege alaye kila kitu hatachagua kilicho kibovu akaacha kilicho kizima. Yai lililo kiotani ni jepesi kuliko mzoga wa kugombaniwa na paka. Kinda la mnana, lisilojua kuruka, ni tamu kuliko kichwa cha samaki kilichokauka juani. Kwa hivyo huyu mfagizi akapanda miti ya bustani zetu, tundu kwa tundu, akala mayai na makinda ya mnana, na ya chozi, na ya shore, na ya tetere. Nao huwinda kwa shirika: mmoja humchokoza mama mpaka atoke kiotani kumfukuza, na mwenziwe huingia nyuma. Mwewe mwenyewe, pamoja na makucha yake, huzungukwa na kundi lao akasumbuliwa mpaka akaacha mti wake. Mijusi na vyura pia hawasalimiki.

Ndugu msomaji, simama alfajiri baada ya sala katika mtaa wowote wa katikati ya mji, usikilize. Zamani saa hiyo palikuwa na sauti za ndege namna kwa namna. Leo katika mitaa mingi utasikia sauti moja, nayo ni kelele. Ndege hao wadogo hawakuwa pambo tu; chozi huchukua vumbi la maua kutoka mti hata mti, na wengine hula wadudu na viwavi wa bustani. Kazi zao hizo kunguru hazifanyi.

Ama madhara yanayotugusa sisi wenyewe, hayo hayahitaji maneno mengi. Mwenye kuku ajua vifaranga vingapi hunyakuliwa. Mvuvi aanikaye dagaa ajua hawezi kugeuka nyuma. Muuza vyakula ajua kunguru hushuka sahanini mbele ya mnunuzi. Tena, miguu hiyo na mdomo huo vimetoka jaani na machinjioni, navyo hubeba vijidudu vya maradhi ya tumbo hata jikoni na visimani.

Watu husema, “Bara Hindi wako tangu na tangu, mbona huko hawakumaliza ndege?” Swali ni zuri. Huko kwao wameishi na ndege wengine kwa zama na zama, wakazoeana hila zao. Yuko huko ndege aitwaye koeli, naye hutaga mayai yake katika kiota cha kunguru, kunguru akalea mtoto asiye wake, na wake mwenyewe akakosa chakula. Huku kwetu hakuja na koeli, wala ndege wetu hawakupata muda wa kujifunza hila zake.

Tukirejea swali la kwanza, hukumu yake ni wazi. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kwa riwaya ya Bibi Aisha (r.a.), ya kwamba Mtume (s.a.w.) ametaja viumbe vitano vyenye kudhuru ambavyo huuawa hata ndani ya eneo takatifu la Makka, na kunguru ni mmoja wao. Wanavyuoni wakafafanua kuwa makusudio ni kunguru alaye mizoga na mwenye kuudhi. Na kwa hivyo wengi wao wakamtoa katika hukumu hiyo yule kunguru mdogo wa mashamba alaye nafaka, na katika madhehebu yetu ya Shafii kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa huyo wa nafaka ni halali kuliwa. Huyu wetu wa majaani hana nafasi katika ruhusa hiyo ya kuliwa, asije mtu akasema kuwa pamphleti limemhalalishia kitoweo!

Wako na wasemao kuwa kunguru ndiye aliyemfundisha mwana wa Adamu kumzika nduguye, basi vipi auawe mwalimu? Hoja hii ni ya barazani, si ya kitabuni. Kunguru yule alitumwa kwa jambo lake, na ruhusa ya kuua ilikuja baada yake, kwa ulimi wa Mtume mwenyewe.

Lakini kuruhusiwa kuua si kuruhusiwa kutesa. Mtume (s.a.w.) ametuamuru wema katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja, na amekataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha ya mchezo, na amekataza kuadhibu kwa moto. Basi vijana wanaomfunga kunguru kamba mguuni wakamrushia mawe, au wanaochoma viota na makinda yamo ndani, wamefanya dhambi, hata kama kunguru ni msumbufu. Na aliye khatari zaidi kuliko vijana ni mtu mzima atiaye sumu ya panya katika vipande vya nyama akavitupa uani. Sumu hiyo haimjui kunguru peke yake. Itamwua mwewe, na paka wa jirani, na kuku wa maskini, na huenda ikafikiwa na mtoto. Iko dawa maalumu itumiwayo na wenye idhini ya serikali. Huua polepole, na nyingi yake huvunjika ndani ya mwili wa kunguru mwenyewe, hata mnyama akila mzoga wake hofu huwa ndogo. Kazi hiyo ni ya wenye ujuzi. Na kunguru yule wa kisibau cheupe asiguswe, kwani yeye mwenyewe ni mdhulumiwa.

Sasa swali la pili, mbona hapungui? Unguja, kati ya mwaka 1990 na 1995, walifanya juhudi kubwa, kwa msaada wa Ufini, ya mitego na dawa, wakampunguza kwa kadiri ya robo tatu. Kazi kubwa hiyo, na wanaostahiki shukrani washukuriwe. Lakini juhudi iliposita, kunguru alirejea. Mwaka 2024 Idara ya Wanyamapori ya Kenya ilitangaza azma ya kumwua kunguru milioni moja. Hesabu kama hiyo peke yake yatosha kumwonyesha mwenye akili jinsi jambo lilivyoachwa likakua.

Sababu ya kurejea ni hii. Kunguru jike hutaga mayai matatu hata matano. Idadi ya makinda yatakayopona haifuati idadi ya mayai, bali hufuata chakula. Ukiua nusu ya kunguru wa mji na jaa likabaki vile vile, waliosalia wamerithi sahani za waliokufa; makinda ambayo yangekufa kwa njaa hushiba, na baada ya misimu michache hesabu hutimia. Ni mfano wa mtu atekaye maji chomboni kwa kata na tundu la ubavuni hakuliziba.

Wapo walioziba, nao si mbali nasi. Kisiwa cha Sokotra, kinachojulikana na manahodha wetu wa zamani, kilifikiwa na kunguru hawa katika miaka ya 1990, kwa njia ya meli. Watu wa huko hawakungoja wawe maelfu. Makinda yaliondolewa viotoni mwaka baada ya mwaka, na kundi likashikwa lisizidi kumi na kadhaa, mpaka mwaka 2009 waliosalia wakapigwa risasi, kisiwa kikasafika. Sisi hatuwezi tena kwa njia nyepesi kama hiyo, ila katika miji na visiwa ambavyo kunguru ndiyo kwanza afika. Huko, mwenye kumwona wa kwanza na akatoe khabari siku ile ile, asiseme ni wawili tu.

Kwa sisi wengine, kazi iko mikononi mwa watu tunaowajua kwa majina. Muuza kuku atupaye matumbo na manyoya nyuma ya kibanda. Mvuvi apaaye samaki pwani akaacha magamba na utumbo mchangani. Machinjio yasiyo na shimo la kufukia. Mwenye mkahawa ambaye pipa lake halina kifuniko. Na sisi wenye karamu za arusi, tunaomwaga pilau jaani asubuhi yake. Hawa ndio wanaomlea kunguru kila siku. Kila mtaa una wazee wake, na kila soko lina msimamizi. Na wakae, wakubaliane shimo liwe wapi, na mapipa yafunikwe na nani, na taka ziondolewe saa ngapi, kwani taka ikilala mpaka alfajiri kunguru ameiwahi kabla ya gari. Viota navyo vishushwe kabla ya mayai kuanguliwa, na mti ukiwa wa mtu na aombwe idhini.

Limebaki jambo moja la misikiti. Katika madhehebu yetu mavi ya ndege ni najisi. Na juu ya kuwa wanavyuoni wamesamehe yaliyo sakafuni mwa msikiti pale inapokuwa vizito kujiepusha nayo, kwa masharti yake, maji machache yasiyotimia kulateni yana khatari ya kuharibika yakiingiwa nayo. Nasi tumeona birika za udhu zilizo wazi chini ya mwembe ambao kunguru hulala kwa mamia. Wasimamizi wa misikiti hiyo na wazifunike birika kwa mbao au kwa bati, na tangi la darini lisiachwe bila ya kifuniko, na makombo ya futari ya Ramadhani yasilale uani hata usiku mmoja.