Vipeo vya Sehemu na Mfano wa Birika

Mara nyingi wanachuo wa ualimu huja darasani wakiwa wamezikariri kanuni za vipeo. Lakini kipeo kikiwa sehemu, kama katika 27²ᐟ³, baadhi yao huzidisha 27 kwa 2/3, wakapata 18. Kosa hili hutokana na somo lililotanguliza kanuni kabla ya kitu.

Basi na tuanze na kitu. Katika Micheweni, penye ardhi nyingi ya mawe, birika la kukingia maji ya mvua halihitaji maelezo marefu. Tuseme birika lina umbo la mchemraba, liko wazi juu, nalo lachukua mita za ujazo 27. Fundi anataka kulipiga lipu ndani, yaani sakafu na kuta nne. Je, eneo hilo ni kiasi gani?

Hatua ya kwanza. Tufinyange vipande 27 vya udongo, vyote vya mchemraba na vilivyo sawa, tuvipange viwe mchemraba mmoja mkubwa. Tukihesabu ukingoni twapata 3. Tukihesabu upande mmoja twapata 9. Kazi hii hata watoto wa shule ya msingi waiweza.

Hatua ya pili. Tukizidisha namba zenye kizio kimoja, twajumlisha vipeo. Kwa hiyo:

27¹ᐟ³ × 27¹ᐟ³ × 27¹ᐟ³ = 27¹ = 27

Lakini 3 × 3 × 3 = 27. Hivyo 27¹ᐟ³ ni kipeuo cha tatu cha 27, yaani 3, ambao ndio urefu wa ukingo.

Hatua ya tatu. Eneo la upande mmoja ni:

27¹ᐟ³ × 27¹ᐟ³ = 27²ᐟ³ = 3² = 9

Twaona kwamba asili ya sehemu hutuambia kipeuo, na kiasi hutuambia kipeo.

Eneo lote la lipu, basi, ni 5 × 9, yaani mita za mraba 45. Aliyepata 18 atasema 90, na mwenye birika atanunua saruji maradufu ya mahitaji yake.

Zoezi. Tafuta thamani ya 8²ᐟ³, 64²ᐟ³ na 16³ᐟ². Kisha mweleze mwenzako, kwa vipande vya udongo, kwa nini jibu la kwanza ni 4. Ukishindwa kueleza, rudia hatua ya kwanza kabla hujasimama mbele ya watoto.