Kioo cha Mkononi kwa Waendesha Gurudumu Moja la Umeme: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Gurudumu moja la umeme ni chombo cha betri ambacho mtu hukipanda kwa kusimama, mguu huku na mguu huku. Huegemea mbele ili kuongeza mwendo, nyuma ili kuupunguza. Hakina usukani, kwa hiyo hakina pa kufunga saitimira. Maelezo haya ni kwa wasomaji wetu walioko Ufaransa, ambako chombo hiki kinaruhusiwa barabarani kwa masharti.

Kioo cha mkononi ni nini?
Ni kioo kidogo chenye mkanda, kinachofungwa kwenye kifundo cha mkono kama saa. Unainua mkono mbele ya kifua, unatupa jicho mara moja, unaushusha.

Kwa nini nisigeuze shingo tu?
Kwa sababu kwenye chombo hiki mwili ndio usukani. Ukigeuza kichwa, mabega hufuata, kisha nyonga, na gurudumu huanza kuvutwa upande uliotazama, yaani kwenye magari. Hata hivyo shingo haiachwi: kioo hakioneshi gari lililo ubavuni mwako, kwa hiyo kabla ya kuhama upande, tazama pia kwa macho yako, haraka, mabega yakiwa yametulia. Fanya mazoezi kwanza kwenye uwanja mtupu, ukifuata mstari uliochorwa chini, mpaka uweze kutazama kioo bila kuuacha mstari huo.

Nikivae mkono upi?
Ufaransa magari hupita kulia, na anayekupita hutokea kushotoni: vaa mkono wa kushoto. Ni hivyo pia Rwanda, Burundi na Kongo. Aliyezoea barabara za Tanzania, Kenya au Uganda abadilishe, maana huko mkono unaofaa ni wa kulia.

Gari linaonekana liko mbali. Niingie?
Usiingie kwa kutazama mara moja. Vingi vya vioo hivi ni vioo mbinuko, yaani uso wake umevimba kwa nje. Huonesha eneo pana, lakini hufanya vitu vionekane vidogo na vya mbali kuliko vilivyo. Tazama mara ya pili: taswira ikiwa imekua ghafla, gari linakuja kwa kasi, liache lipite.

Nikianguka, hakitaniumiza?
Kinaweza, kikiwa cha glasi. Chagua cha plastiki, na ukifunge juu ya kinga ya kifundo. Usivue kinga ili kioo kipate nafasi, kwa sababu anayeanguka mbele hutanguliza mikono.

Nimesikia kioo ni lazima kisheria. Kweli?
Si kweli, ingawa ni rahisi kuchanganya, kwani vifaa vya lazima ni vingi: taa za mbele na nyuma, viakisi mwanga na kengele au honi. Lazima pia uwe na bima ya kulipia madhara utakayowasababishia wengine, uwe umetimiza miaka 14, na usizidi kilomita 25 kwa saa. Vipokea sauti vya masikioni vimekatazwa, na kupita njia ya waenda kwa miguu pasipo ruhusa ya manispaa hutozwa faini ya yuro 135. Kioo ni hiari yako, lakini tunakishauri kwa kila anayepita kati ya magari.

Nikitozwa faini ninayoona si ya haki?
Usiilipe kwanza, kwa maana kulipa ni kukubali kosa. Kwa kawaida una siku 45 za kuipinga kwa maandishi, na utaratibu umeelezwa kwenye taarifa ya faini yenyewe.

Nikivuka kwenda Ujerumani au Uingereza?
Kiache chombo nyumbani. Kanuni za Ujerumani za mwaka 2019 zinadai usukani au nguzo ya kushikilia, na Uingereza inakiruhusu kwenye ardhi binafsi tu, kwa idhini ya mwenyewe. Kuvaa kioo hakubadilishi lolote kati ya hayo.