Mbwa Kijana Abadilikapo Tabia Ghafula

Huku Chita, chini ya milima ya Udzungwa, mbwa si mnyama wa kuchezewa tu. Mpunga ukianza kuchanua katika bonde la Kilombero, nguruwe mwitu huja usiku na nyani huja mchana, na mwenye shamba alalaye katika dungu lake hutegemea masikio ya mbwa kuliko masikio yake mwenyewe. Kwa hiyo watu wengi hufuga mbwa, na wengi wamepata kuona jambo hili: mbwa kijana, aliyekuwa akicheza na wenziwe wote wa kitongoji, siku moja humrukia mwenzake kwa ukali, na toka siku hiyo kila amwonapo mbwa mwingine manyoya ya mgongo humsimama. Wengine husema, "Hayo ni mambo ya mbwa," wakamwacha. Wengine humpiga fimbo. Wengine humwua palepale na kumtupa porini. Njia zote tatu zina hatari, na katika somo hili twapenda kueleza namna ya kumtazama mbwa wa namna hiyo, na mambo yafaayo kutendwa.

Sababu za kawaida

Yatupasa kwanza kufahamu kwamba si kila mbwa mkali ni mgonjwa.

Mbwa hupevuka upesi. Apatapo umri wa miezi sita mpaka mwaka mmoja huweza kuzaa au kuzalisha, lakini tabia yake huendelea kugeuka mpaka atimize miaka miwili, hata mitatu. Alipokuwa mtoto, mbwa wakubwa walimvumilia, naye aliwalamba midomo na kujilaza chali mbele yao. Sasa wao hawamvumilii tena, wala yeye hakubali kujilaza. Mabadiliko haya huja polepole, ijapokuwa mwenye mbwa huyaona siku ya ugomvi tu.

Sababu ya pili ni jike mwenye joto. Hali hiyo huchukua kama majuma matatu, na madume ya kitongoji kizima humfuata na kugombana. Majuma hayo yakiisha, ugomvi nao hupungua.

Sababu ya tatu ni chakula na mahali. Mbwa wawili wakitupiwa mifupa pamoja, hapana budi watagombana. Kadhalika mbwa afungwaye kwa kamba fupi mchana kutwa huingiwa na ghadhabu kwa kila mbwa apitaye, maana hawezi kumwendea wala kumkimbia.

Ya nne ni hofu. Mbwa aliyepata kuumwa vibaya mara moja huweza kuwaogopa mbwa wote, akawa anauma yeye kwanza ili asiumwe. Watu humsifu kuwa ni shujaa, kumbe ni mwoga.

Ya tano ni maumivu. Sikio lenye usaha, jino bovu, kidonda kilichofichwa na manyoya, au ugonjwa uletwao na kupe, humfanya mbwa mpole kuwa mkali akiguswa au akisogelewa.

Mbwa mwenye sababu kama hizi hutambulikana. Hugombana na mbwa fulani, au mahali fulani, au wakati fulani, na sababu ikiondoka yeye hutulia. Humjua bwana wake, hula, hunywa, na kulala nyumbani kama desturi.

Sababu ya kuogopwa

Iko sababu ya sita, nayo ni kichaa cha mbwa. Mbwa asiyechanjwa akigeuka tabia ghafula, hili ndilo jambo la kudhaniwa kwanza, mpaka ionekane kwamba silo. Kichaa huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno, wakaao katika mate ya mnyama mgonjwa na kuingia mwilini kwa jeraha la meno. Kutoka hapo hufuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo.

Alama zake ni hizi. Mbwa huuma bila kuchokozwa, wala hachagui: huuma mbwa, kuku, ng'ombe, watu, hata vijiti na mawe. Huondoka kwao akatangatanga mbali. Sauti yake hubadilika. Mate humtoka, taya la chini hulegea, na kumeza humshinda. Hapo watu wengi hudhani amekwamwa na mfupa, wakamtia mkono kinywani ili wamsaidie. Jambo hilo ni la hatari kubwa. Wako pia mbwa ambao kichaa hakiwafanyi wakali kabisa, bali huwafanya wanyamavu, wakajificha gizani na kulegea viungo. Tena, mtu asingoje kumwona mbwa akiogopa maji. Hofu ya maji ni alama ya binadamu mwenye ugonjwa huu. Mbwa mwenye kichaa aweza hata kuvuka mto.

Jambo moja lafaa likumbukwe kuliko yote. Mbwa akiumwa na mwenye kichaa, haugui palepale. Aghalabu hupita majuma mawili mpaka miezi michache ndipo alama zionekane, na mate yake huweza kuwa na sumu siku chache kabla ya alama hizo. Kwa hiyo ugomvi wa mbwa wakati wa mavuno, mwezi wa Juni, uliokwisha kusahauliwa na kila mtu, waweza kuzaa kichaa mwezi wa Agosti. Hii ndiyo maana twasema kwamba neno lile, "Ni mambo ya mbwa," lina hatari. Ugonjwa huu hupita kutoka kijiji mpaka kijiji kwa njia ya magomvi hayo hayo.

La kufanya kwa mbwa

Kwanza, usitie mkono wala mguu kati ya mbwa wanaopigana. Wamwagie maji, au pigapiga debe kwa kishindo.

Pili, mtenge mbwa wako peke yake mahali penye kivuli, ndani ya banda au kwa kamba imara, mbali na watoto, na maji yawe karibu naye. Usimpige. Fimbo humfundisha kwamba kila aonapo mbwa mwingine hupata maumivu, na ukali wake huzidi.

Tatu, uliza na kukumbuka: Je, amechanjwa? Je, ameumwa na mbwa mgeni miezi hii michache? Ana jeraha?

Nne, mpelekee habari Afisa Mifugo. Mbwa mwenye kichaa kwa desturi hufa katika muda wa siku kumi tangu alama zionekane. Akiwa mzima baada ya siku hizo, ukali wake una sababu nyingine. Akifa au akiuawa, mzoga usichunwe wala usiguswe kwa mikono mitupu, wala usitupwe porini. Afisa huweza kuchukua sehemu ya ubongo ili ipimwe, na kijiji kikajua hakika ya jambo.

Ikiwa si kichaa, basi ondoa sababu. Wape mbwa chakula mbalimbali. Mtibu mwenye maumivu. Dume atangatangaye aweza kuhasiwa na mganga wa wanyama, na hilo hupunguza kutangatanga, lakini haliponyi hofu. Mwoga hufunzwa kwa subira: mshike kwa kamba mbali na mbwa mtulivu, umpe kipande cha chakula akiwa ametulia, na kila siku sogea hatua chache. Kazi hiyo ni ya majuma, si ya siku moja.

La kufanya kwa mtu aliyeumwa

Hapa pasiwe na kungoja. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji yatiririkayo na sabuni kwa muda wa dakika 15, hata likiwa mkwaruzo mdogo. Lisitiwe majivu, wala pilipili, wala majani. Kisha mtu aende hospitali siku ile ile, na asingoje siku kumi za kumtazama mbwa. Sindano zake si moja. Hupigwa kwa siku zilizopangwa, na aliyeanza asiache. Alama za kichaa zikisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Kabla ya hapo, kinga hupatikana. Mwaka 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, siku mbili baada ya kuumwa na mbwa, naye akaishi mpaka utu uzima.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na katika kila watu kumi waumwao na mbwa adhaniwaye kuwa na kichaa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto hucheza na mbwa, na akiumwa kidogo huficha kwa kuogopa kukaripiwa. Walimu watusaidie kuwaambia watoto kwamba aliyeumwa hana kosa kusema.

Kinga ya kijiji kizima

Kumchanja mbwa mmoja ni vema, lakini ugonjwa hukomeshwa kwa kuwachanja wengi. Kipimo kilichokubaliwa ni mbwa 70 katika kila 100. Kitongoji chenye mbwa 40 kichanje wasiopungua 28. Nao mbwa huzaliwa na kufa upesi, kwa hiyo chanjo hurudiwa kila mwaka, na watoto wa mbwa nao waletwe.

Jambo hili limejaribiwa kwetu. Kutoka mwaka 2010 mpaka 2015 Serikali, pamoja na Shirika la Afya Duniani na vyuo vya uchunguzi, ilichanja mbwa katika wilaya za kusini mashariki mwa Tanzania, Kilombero na Ulanga zikiwamo, na katika kisiwa cha Pemba. Idadi ya watu walioumwa ilipungua. Huko Pemba kichaa kilikoma mwaka 2014. Kikaletwa tena kutoka nje ya kisiwa mwaka 2016, na kwa chanjo kikakomeshwa tena mwaka 2018. Basi twaona mambo mawili: kwamba ugonjwa huu hushindwa, na kwamba hurudi watu wakilegea. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo twawaomba wenyeviti wa vitongoji waandike hesabu ya mbwa wote, wa wakulima na wa wafugaji, ili Afisa Mifugo ajue kiasi cha dawa ya kuleta. Walimu nao waitumie tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kuwafundisha watoto kuosha jeraha. Na kila mwenye mbwa kijana amjue tabia yake tangu udogo, maana asiyeijua tabia ya mbwa wake hawezi kutambua siku itakapobadilika.