Dondoo muhimu: Samaki wa kundi kwenye tangi dogo la maji ya chumvi

Kromisi wa kijani, Chromis viridis, hutanda kwa makundi juu ya matumbawe ya mwambao wetu, na wauzaji huwasifu sana. Kwa tangi la lita 120, waache. Baharini mnyonge ana pa kukimbilia. Ndani ya kioo hana, na mbabe humwandama mmoja baada ya mwingine, mara nyingi hadi abaki peke yake. Ukiona mapezi yamechanika na samaki anajibanza kwenye kona ya juu wenzake wakila, mtoe siku hiyo hiyo. Afadhali Sphaeramia nematoptera watatu, wapole, wanaoelea taratibu. Pima amonia kwanza. Ikiwa sifuri, watie wote kwa pamoja, asiwepo mwenyeji wa kuwafukuza wageni.