SOMO LA SABA: TUPIME NAFASI YA KUKU WETU

Kuku ni mali ya karibu. Mgeni akija, kuku yupo. Mtoto akitaka daftari, mayai yanauzwa. Lakini mali hii hupotea upesi ikikaa mahali pa kubanana.

Katika nyumba nyingi kuku hulala jikoni, au katika kibanda kilichojengwa walipokuwa watatu. Kuku wanazaliana, lakini kibanda hakikui. Mwishowe kuku ishirini wanalala mahali pa kuku watano.

Ubaya wa kubanana

Kuku wakibanana, kinyesi hujaa upesi. Sakafu huwa mbichi na kutoa harufu kali. Ukiingia bandani macho yakakuwasha, kumbuka kwamba kuku wanavuta hewa hiyo usiku kucha.

Sakafu mbichi huleta ugonjwa wa kuhara damu. Ugonjwa huu huua vifaranga wengi. Chawa na utitiri nao huenea upesi. Kuku hudonoana, na walio wanyonge hawafiki penye chakula na maji. Mayai hupungua.

Kuwaacha kuku wazurure ovyo nako kuna hasara. Mwewe huchukua vifaranga. Wakati wa kupanda, kuku hufukua mbegu za jirani. Magomvi mengi ya kijijini huanza hivyo.

Basi kuku wanahitaji banda la kulala na uwanja wenye uzio wa kutembea mchana. Vyote viwili hupimwa kabla ya kujengwa.

Hesabu kuku wa kesho

Usihesabu kuku ulio nao leo tu. Hesabu na wale watakaozaliwa.

Tuchukue mfano. Familia moja ina mitetea 10 na jogoo 1. Jogoo mmoja anatosha mitetea 10. Mitetea mitatu ikiatamia, na kila mmoja ukakuza vifaranga 6, watapatikana kuku 18 zaidi.

10 + 1 + 18 = 29

Familia hii ijenge banda la kuku 30, siyo la kuku 11.

Ukubwa wa banda

Kata fimbo yenye urefu wa mita 1. Kwa fimbo hiyo, chora chini mraba wenye mita 1 kila upande. Hiyo ni mita 1 ya mraba. Inatosha kuku wakubwa 5 kulala.

30 ÷ 5 = 6

Kuku 30 wanahitaji mita 6 za mraba. Banda lenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 2 linatosha, kwa sababu 3 × 2 = 6.

Kuku hupenda kulala juu. Weka vichanja vya miti laini isiyo na miiba. Kila kuku apate sentimita 20 za mti. Kuku 30 wanahitaji sentimita 600, yaani mita 6. Miti miwili ya mita 3 inatosha. Iweke kwa kimo kimoja, ili kuku wasigombee ule wa juu.

Weka kiota 1 kwa kila mitetea 5. Mitetea 10 inahitaji viota 2. Kiota kiwe na sentimita 30 kila upande, nacho kiwe mahali penye giza kidogo.

Jinsi ya kujenga

Chagua mahali palipoinuka, maji ya mvua yasipotuama. Ncha moja ya banda ielekee mashariki na nyingine magharibi. Hivyo jua kali la asubuhi na jioni halitapiga kuta ndefu.

Tumia vitu vilivyopo kijijini: miti, fito, mianzi, udongo, nyasi au makuti. Sehemu ya chini ya ukuta izibwe. Sehemu ya juu iachwe wazi kwa fito au wavu, ili hewa ipite. Nafasi kati ya fito iwe nyembamba, kicheche asipenye. Paa liwe juu kiasi cha mtu kuingia na kufagia akiwa amesimama. Banda lisiloingilika halifagiliwi.

Tandaza sakafuni pumba za mpunga, maranda au nyasi kavu. Zikilowa, ziondoe. Peleka uchafu huo kwenye shimo la mboji. Ukioza, ni mbolea nzuri ya bustani.

Ukubwa wa uwanja

Kila kuku apewe mita 2 za mraba za uwanja.

30 × 2 = 60

Uwanja wenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 unatosha. Ugawe katikati, upate sehemu mbili. Banda likae katikati ya upande mrefu, liwe na vijilango viwili, kila kimoja kikifungukia sehemu yake. Kuku wakiwa sehemu moja, nyingine ipumzike na kuota majani. Acha mti au jenga kivuli kila sehemu.

Sasa tupime uzio. Kuzunguka uwanja ni 10 + 6 + 10 + 6 = 32. Uzio wa katikati ni mita 6. Jumla ni mita 38. Toa mita 3 za ukuta wa banda. Zinabaki mita 35 za kujengea.

Ikiwa uwanja wako ni mdogo

Pengine huna mita 60. Usikate tamaa, lakini usidanganye hesabu. Ukiwa na mita 20 za uwanja, fuga kuku 10. Majogoo wanaozidi, uza au kula mapema. Kuku 10 wenye afya ni mali kuliko kuku 30 wanaokufa.

Tahadhari

Nafasi peke yake haizuii mdondo. Ugonjwa huu unaweza kumaliza kuku wote wa kijiji. Dawa ya kuuponya haipo. Kinga yake ni chanjo. Muulize mtaalamu wa mifugo juu ya chanjo ya tone la jicho, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi 3. Wanakijiji wachanje kuku wao siku moja.

Wazee walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku uliyemnunua sokoni mtenge mbali na wenzake kwa majuma mawili. Akiwa mzima, mwingize bandani.

MASWALI

1. Taja madhara matatu ya kubananisha kuku.
2. Kwa nini tunahesabu kuku ambao hawajazaliwa?
3. Banda lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 2. Linatosha kuku wangapi?
4. Kuku 15 wanahitaji mita ngapi za mraba za uwanja?
5. Kuku 20 wanahitaji mita ngapi za vichanja?

KAZI YA KIKUNDI

Nendeni pamoja kwenye banda moja la kijijini. Pimeni kwa fimbo ya mita. Hesabuni kuku. Je, nafasi inatosha? Shaurianeni na mwenye banda nini kifanyike.